Msimshtue Mwanangu

Binti yangu wa pili tulimwita Swichi. Jina hilo alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, kwa sababu ukimshtua anazimika. Puu, chini. Kabla hujapata hata maji ya kumwagia, anawaka tena, anakaa kitako, anauliza, "Kuna nini, mbona mnanitazama?" Watu walicheka hadi kushika mbavu. Ninaandika kwa sababu najua ziko nyumba nyingine zenye mtoto wa namna hiyo, na huenda sasa hivi kuna mtu amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni anamsubiri apite amfanyie "Waa!" Mtoeni hapo. Mtoeni kwanza, halafu mwendelee kusoma.

Elimu yangu mimi ni ya msingi. Mambo ya moyo nitayaeleza kama nilivyoelezwa, na niliuliza na kurudia kuuliza mpaka daktari akavuta kiti akakaa.

Tulikuwa tunafanya kazi kiwanda kimoja cha mikate. Mimi niko meza ya kufungashia. Mkate ukishapoa nautia mfukoni, nafunga mdomo, nasukuma kwa mwenzangu. Swichi alikuwa mbele ya matanuri, anatoa trei na kuzipanga kwenye kitoroli. Mkwe wangu ndiye fundi wa mitambo, na pale kila mtu anamwita Fundi, hata mimi. Ni kijana mwema. Nasema mapema kwa sababu mkifika mbele mtataka kumchukia. Mimi nilijaribu, nikashindwa.

Shemeji na shemeji wana uhuru wao, mnajua wenyewe. Fundi akipita nyuma ya Swichi anaachia trei tupu ianguke sakafuni. Swichi anaruka, anashika kifua, na mara mojamoja anakwenda chini kama gunia.

"Umeme umekatika!" anapaza sauti Fundi.

"Mwiteni fundi!" wanaitikia watu wa zamu.

"Fundi ndiye mimi, na spea zake haziuzwi!"

Swichi akizinduka anamrushia donge la unga uliokandwa, linamnasa shingoni. "Shemeji, ipo siku utanizika wewe."

"Nikuzike nipate nini? Dada yako akininunia nani atanipakulia chakula?"

Mtoto akichekwa kila siku kwa jambo asiloweza kulizuia, mwishowe hulichukua akalifanya lake. Swichi akaanza kuanguka kwa makusudi. Fundi akipiga chafya tu, huyo, mkono kifuani, ulimi nje, miguu juu. Watu wanamzunguka, naye anakaa kimya kabisa, halafu anafungua jicho moja. Hilo jicho ndilo lilikuwa utamu wa mchezo. Walikuwa wanaliimbia: "Jicho! Jicho! Jicho!" Likifunguka, kicheko. Ikafika mahali hakuna aliyejua lini ameanguka kweli na lini anaigiza. Nilimwuliza mwenyewe siku moja tukiwa tunafua. Akasema, "Mama, nyingine naanza kwa mchezo halafu sikumbuki nimemalizaje."

Neno hilo lilinikaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni, kwa sababu nilikuwa na mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Alikufa akiwa bado bibi harusi wa majuzi. Alikuwa anafagia chumba, upepo ukabamiza mlango, akaanguka na ufagio mkononi. Wanawake waliomwosha walisema hana jeraha, hana uvimbe, amelala tu. Wazee wakasema siku zake zimefika. Wengine wakanong'ona habari za mashetani, wengine wakamtazama mumewe kwa jicho baya mpaka akahama mji. Hakuna aliyeutazama ule mlango.

Kwa hiyo nilimwonya Fundi. "Baba, mzaha mzaha hutumbua usaha."

"Mama, si anaamka mwenyewe? Mimi namzoesha. Mtu mwoga anazoeshwa."

"Na asipozoea?"

Akacheka, akanibebea kreti langu la mifuko mpaka mezani. Utamkasirikiaje mtu wa namna hiyo?

Sasa, kengele ya tanuri kubwa ilikuwa imechoka. Ilikuwa inalia kama mbuzi mwenye mafua, mikate ikiiva watu hawasikii, inaungua. Mwenye kiwanda akaagiza nyingine, ya nguvu, ya kusikika hadi ghala la unga. Fundi aliifunga wakati wa mapumziko ya chai. Mashine za kukandia zilikuwa zimezimwa, kiwanda kimetulia, unasikia mpaka matone ya bomba. Swichi alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, mgongo ukutani, macho amefumba. Amechoka tu. Kengele iko juu ya kichwa chake.

Fundi akashuka ngazi taratibu. Akatugeukia sote, akaweka kidole mdomoni. Akabonyeza.

Sitaieleza sauti ile. Mimi mwenyewe niliangusha kikombe.

Swichi hakuruka. Hakushika kifua. Macho yalifunguka yakatazama mbele kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemfahamu, kisha mwili ukalala upande, polepole, shavu likagusa sakafu yenye unga.

Makofi. "Leo kaigiza vizuri!" akasema mmoja. Wakamzunguka, wakaanza kuimba. "Jicho! Jicho! Jicho!" Fundi ndiye aliyekuwa akiongoza, anapiga kopo kwa bisibisi. Mguu wa Swichi ukatikisika, ukatikisika tena, na kicheko kikaongezeka, wakijua kwamba sasa anakaribia kuamka. "Fungua bwana, chai inapoa!"

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Niliona gauni lake la kazi linaloa. Wenzangu, mtu hajikojolei kwa mzaha mbele ya wanaume.

Nilipiga yowe. Kopo likanyamaza. Midomo ya mwanangu ilikuwa imepata rangi ya majivu ya tanuri.

Aliyemwokoa ni msimamizi wetu wa zamu, mama mmoja tuliyempachika jina la Bi Mkali, ambaye hata kucheka alikuwa anacheka kwa ratiba. Watu wa zimamoto waliwahi kuja kufundisha wasimamizi namna ya kumsaidia mtu aliyepoteza fahamu, sisi tukadhani ni safari ya kula keki. Alinisukuma kando, akapiga magoti, akaweka viganja viwili katikati ya kifua cha binti yangu, akaanza kushindilia. Kwa nguvu! Nilidhani anamvunja. Nilimshika bega, akaniambia bila kuniangalia, "Niachie, au umzike." Akashindilia, akashindilia, jasho linamdondoka puani, na katikati ya kazi hiyo Swichi akavuta pumzi moja ndefu yenye mlio, kama mlango wa zamani unaofunguliwa kwa nguvu.

Akafungua macho. Yote mawili. Akaniuliza, "Mama, nimekosa nini?"

Hospitali walimbandika nyaya kifuani na miguuni, mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya vilima. Daktari wa moyo alikuwa dada wa umri mdogo mwenye sauti ya chini. Alipima vile vilima kwa rula, akapima tena, akaniita pembeni.

"Mama, katika ukoo wenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana?"

Nikamweleza habari za mdogo wangu. Aliacha kuandika.

Hapo ndipo alipovuta kiti. Alinionyesha mlango wa wodi. Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanatoka.

"Moyo umejengwa kwa chembe ndogondogo sana, zaidi ya unavyoweza kuzihesabu. Kila chembe ina ukuta, na ukutani kuna milango, midogo kuliko macho yanavyoweza kuona. Milango hiyo inapitisha chumvi. Si hii ya chakula tu, ziko za aina kadhaa. Zikiingia, moyo unajikunja, unapiga. Ukishapiga, kuna chumvi moja inaitwa potasiamu lazima itoke nje, ndipo moyo ulegee upumzike. Kupiga ni kuingia, kupumzika ni kutoka. Unanifuata?"

"Nakufuata."

"Sasa tazama wageni wanavyotoka. Mbao zote mbili za mlango zikifunguka, wanaisha mara moja. Lakini ule ubao mmoja umekwama, ona, wanapita mmojammoja. Mlango wa potasiamu wa binti yako uko hivyo. Alizaliwa nao hivyo. Moyo wake unapiga vizuri kabisa, ila unachelewa kupumzika. Hicho ndicho hiki kilima kilichorefuka."

"Kuchelewa tu ndiko kunakomlaza chini?"

"Kuchelewa peke yake hapana. Lakini mtu akishtuka, mwili unauamuru moyo: piga, piga sasa! Amri inakuta kazi ya nyuma haijaisha. Wengine bado wanatoka, wengine wanasukumwa kuingia. Pale mlangoni patakuwaje?"

"Fujo."

"Fujo. Moyo unaacha kupiga, unatetemeka. Umewahi kuona mkono wa mtu mwenye homa kali? Unatikisika sana lakini hauwezi kushika kikombe. Moyo ukitetemeka hivyo damu haifiki kichwani, anazimia. Mara nyingi fujo inaisha yenyewe, anaamka, watu wanacheka. Siku nyingine haiishi."

Nikauliza kwa nini shuleni alikuwa akianguka kengele ikilia, na mwalimu akasema anakimbia hesabu. Daktari akasema sababu ndiyo hiyo hiyo. Nikauliza kama ni kifafa. Akasema wengi wamepewa dawa za kifafa miaka na miaka, na hakuna aliyewapima moyo. Nikamwuliza kuhusu mdogo wangu, kama na yeye mlango wake ulikuwa umekwama. 

"Aliyekufa siwezi kumpima, mama. Lakini wewe naweza."

Akanilaza, akanibandika zile nyaya za baridi. Mstari wangu ulikuwa umerefuka vilevile. Mimi, ambaye sijazimia hata siku moja katika maisha yangu, hata nilipopata habari za msiba wa mume wangu. Binti mkubwa alipopimwa, wake ukatoka safi. Kwa hiyo niliwabeba wawili tumboni, mmoja nikampa maziwa tu, mwingine nikampa maziwa na huu mlango uliokwama.

Daktari alimwandikia Swichi kidonge cha kila siku cha kuutuliza moyo usiwe na papara. Kisha akatushika mikono, mimi na yeye, akasema jambo ambalo naomba mlishike kuliko yote niliyoyaandika. Alisema ziko dawa nzuri tu, za kutibu watu wengine, ambazo zikifika kwenye mlango ule zinaukaza zaidi. Baadhi za kuzuia kutapika, baadhi za vidonda vya koo na kifua, baadhi za malaria. Duka la dawa hawawezi kujua kwa kukutazama usoni. Useme wewe. Na tumbo likiharisha, potasiamu inatoka mwilini pamoja na maji, na ikipungua damuni mlango wenyewe unazidi kuwa mzito. "Ukiharisha au ukitapika," alimwambia Swichi, "usinywe kitu cha dukani. Njoo hapa. Hata kama unaona aibu, njoo."

Swichi akaitikia, "Sawa, Dokta." Ana adabu sana mwanangu akiwa hakusudii kufuata.

Tulirudi nyumbani na nyumba ikabadilika. Fundi alikata fulana zake kuukuu akazipigilia kwenye fremu za milango ili isibamize. Aling'oa kengele ya getini. Simu ya Swichi tukaizima sauti. Redio ikahamia kwa jirani. Fundi mwenyewe, mtu wa kelele tangu kuzaliwa, akawa anatangaza safari yake tangu barabarani ili asimshtue: "Nakuja mimi shemeji, niko getini… sasa niko uani… naweka mguu ukumbini." Siku moja nilimkuta ameinamia ndoo nyuma ya nyumba, analia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Nilimpa taulo.

Na mimi? Mimi nilikuwa namlinda kama yai. Akilala naweka kiganja kifuani kwake. Akikaa chooni nasimama nje. Akitabasamu namwuliza, "Unajisikiaje?" Kidonge namtazama akikimeza, kisha namwambia afungue mdomo.

Alivumilia mpaka alipochoka. "Mama, zamani nilikuwa nazimika mara mojamoja. Sasa mmenizima moja kwa moja."

"Usiseme hivyo."

"Nani anacheka katika nyumba hii? Mtoto wa Dada akipiga mwayo anazibwa mdomo! Mnanong'ona kama kuna maiti chumbani. Maiti ni nani?"

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Utazaa utajua."

"Nitazaaje, mama, wakati hata mchumba akibisha hodi mnamfunga mdomo?"

Dada yake akacheka, mimi nikalia, na kabla ya wiki kuisha Swichi akapanga chumba chake, mtaa wa pili, uani kwa mama mmoja fundi cherehani aliyempa kazi ya kushona vifungo. Alibeba vidonge vyake na godoro. Nilikubali kwa sababu daktari alisema, "Mama, mwache aishi, ila asikose dawa." Fundi akaenda kukipigilia kile chumba fulana mlangoni.

Juzi yule mama fundi cherehani akanipigia simu. Hakuwa na wasiwasi wowote, alitaka tu kujua kama Swichi yuko kwangu. "Hajatoka leo, na nguo za wateja ziko mezani. Jana alisema tumbo linamsumbua. Nilimwona anarudi na kifuko cha duka la dawa. Amejifungia, labda kalala."

Nilipiga simu ya Swichi, ikaita, ikaita. Bila shaka ikaita! Sisi wenyewe ndio tuliizima sauti.

Nilimwita Fundi aje na gari la mikate, mimi nikatangulia kwa miguu, kanga kichwani, kiatu kimoja kimefunguka. Nikafika mbele ya mlango ule. Jua limewaka uani, mashine ya cherehani imenyamaza, yule mama fundi cherehani amesimama na tepu ya kupimia shingoni.

Nikanyanyua mkono nibishe hodi. Mkono ukabaki hewani.

Nifikirieni hapo. Kama amelala, na nikagonga, huenda nikamwua kwa ngumi yangu mwenyewe. Kama ameanguka, kila nukta ninayosimama pale inamwua. Mlango ni mbao tu, na upande wa pili kuna mambo mawili, na dawa ya moja ni sumu ya lingine.

"Gonga basi," akasema yule mama.

"Usiguse!" nilimnong'oneza kwa ukali mpaka akarudi nyuma.

Nilikaa chini, nikaweka mdomo kwenye uwazi wa chini ya mlango, nikaanza kumwita kwa sauti niliyokuwa nikimbembelezea alipokuwa mchanga, jina lake halisi, ambalo hatukulitumia miaka mingi. Kidogokidogo. Nikapandisha sauti kama unavyopandisha moto wa jiko, kidogo, kidogo tena. Hakuna kitu. Nikapandisha. Ndani kukasikika kitu kinaburuzwa. Komeo likalia.

Alifungua akiwa ameshikilia ukuta. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, chumba kinanuka matapishi. Alikuwa hai. Nilimkumbatia kwa uangalifu, kama trei ya mayai.

"Nimekuwa nikiharisha tangu juzi," akasema. "Sikutaka mje na ule uso, mama. Huo hapo."

Juu ya stuli kulikuwa na karatasi ya vidonge vya kuzuia kutapika. Vitundu viwili vilikuwa vitupu.

"Ulimwambia muuzaji kuhusu moyo wako?"

"Kulikuwa na watu nyuma yangu kwenye foleni. Kuna kijana mmoja… Niliona aibu."

Aibu, wenzangu. Si shetani, si kurogwa. Aibu ya msichana mbele ya foleni.

Fundi alifika, akamnyanyua kama mtoto, akamlaza juu ya magunia matupu ndani ya gari. Aliendesha polepole, hakupiga honi hata mara moja, wenye magari nyuma wakamtukana mpaka kizazi chake cha tano naye akawa anasema tu, "Samahani bosi, samahani." Njiani Swichi alizimia, akarudi. Akazimia tena, akarudi. Sikuwa na haja ya kuangalia jicho. Viganja vyangu vilikuwa tayari kifuani kwake, nikikumbuka jinsi Bi Mkali alivyovipanga.

Wamempima damu, potasiamu imeshuka sana. Wanamrudishia kwa dripu, taratibu, kwa sababu daktari anasema hata hiyo ukiimwaga kwa haraka inaua. Vile vidonge vya kuzuia kutapika vinapaswa kuisha vyenyewe mwilini. Mpaka hapo hakuna anayetuahidi kitu. Akitengemaa watampeleka hospitali kubwa wampachike kifaa kidogo chini ya ngozi, ambacho moyo ukianza kutetemeka kinaupiga mshtuko wa umeme ili urudi kwenye mstari. Daktari alipomaliza kumweleza, Swichi akanong'ona, "Yaani mnaniwekea Shemeji humuhumu kifuani." Fundi alikuwa amesimama kwenye korido. Alisikia. Alitoka nje, na sijui kama alikwenda kucheka au vinginevyo.

Ameunganishwa na mashine yenye kioo, mstari wa kijani unapita. Vilima viwili vya kawaida, kimoja cha kukurupuka. Vinne vya kawaida, viwili vya kukurupuka. Siku ya kwanza mashine ikaanza kulia kando ya kichwa chake, nikaruka nikaifunika kwa kanga.

"Mama, toa kanga," akasema nesi. "Hii ikilia ndipo tunajua tuje."

"Ikilia si ndiyo itakayomwua?"

Nesi alinitazama, akamtazama Swichi, akaenda kumwuliza daktari. Wakaizima sauti ya kitandani, wakaiacha ilie mezani kwao tu, mwisho wa korido. Kwa hiyo sasa mwanangu yuko kwenye ukimya, na kengele yake iko mbali, na mimi nimekaa kwenye benchi katikati. Hapa ndipo ninapoandikia. Mezani kwa manesi kuna kibao chenye taa, kila kitanda na taa yake.

Leo mchana kengele ililia. Taa nyekundu. Manesi wakainuka, wakaja kwa haraka bila kukimbia, wamevaa viatu vya mpira, hawatoi sauti. Nilisimama. Walinikaribia, nikaona macho yao hayanitazami, wakanipita, wakaupita mlango wa Swichi, wakaingia chumba kinachofuata.

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Neno lilikuwa limeshatoka mdomoni ndipo nilipomwona mwanamke niliyeshinda naye benchi moja tangu asubuhi, aliyenigawia nusu ya mkate wake, na mgonjwa wake ndiye wa chumba kile, anakusanya viatu vyake chini ya benchi na hawezi kuvivaa.